Kiangazi kirefu: namna ya kugawa maji machache nyumbani

Sisi tunaokaa Nakivale tunajua kwamba wilaya hii ya Isingiro ni ya ukame. Mvua za Machi hadi Mei zikikatika mapema, kiangazi cha Juni hadi Agosti huwa kikali sana. Mwaka 2016 mashamba yalikauka, ng'ombe wakafa na njaa ikaingia nyumbani. Wakati kama huo, wagonjwa wa kuhara, upele na macho mekundu huongezeka. Wengi hudhani ni joto. Sababu kubwa ni kwamba watu hunywa maji mabaya, na maji ya kunawa hukosekana.

Kwa kawaida mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu sita basi inahitaji lita 90, yaani jerikeni (bidoni) nne na nusu za lita 20. Je, ukipata mbili tu baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, utafanyaje?

Jerikeni ya kwanza ni ya kunywa. Usiichanganye na kazi nyingine. Watu sita wanahitaji kama lita 15 hadi 18 za kunywa, kwa hiyo karibu yote itakwisha. Ya pili ni ya kupikia, kunawa mikono na kuosha vyombo. Maji yaliyooshea mboga yamwagie bustani. Yaliyofulia nguo yanaweza kusafishia choo. Kuoga mwili mzima kunaweza kungoja siku moja, lakini uso wa mtoto uoshwe kila siku, kwa sababu nzi hubeba ugonjwa wa macho kutoka uso mchafu hadi mwingine.

Kunawa mikono hakuhitaji maji mengi. Toboa kopo kwa msumari mdogo, litundike karibu na choo, na maji yatoke kidogo kidogo. Sabuni ikikosekana tumia majivu. Ila desturi ya familia nzima kunawa katika beseni moja kabla ya kula tuiache, hasa kiangazi: wa mwisho ananawa uchafu wa wote.

Maji ya bomba yametiwa dawa. Wengine wanalalamika harufu yake, wanakwenda kuchota kwenye kinamasi kwa sababu "ni matamu". Harufu hiyo ndogo ni dalili kwamba dawa bado inafanya kazi. Lakini dawa huisha katika jerikeni chafu au chombo kisichofunikwa. Kila juma weka changarawe, sabuni na maji kidogo ndani ya jerikeni, tikisa kwa nguvu, kisha suuza.

Ukilazimika kutumia maji ya ziwa au ya kinamasi, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie kidonge kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, ungoje dakika 30. Kidonge katika maji ya matope ni hasara, maana uchafu hula dawa. Bila kidonge, chemsha mpaka maji yatokote kabisa kwa dakika moja. Kuni ni haba, tunajua, kwa hiyo chemsha yale ya kunywa tu.

Akina mama wanaonyonyesha: mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata jua likiwa kali namna gani. Ziwa la mama linamtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe apewe maji ya kunywa ya kutosha.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya chumvichumvi (ORS): pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja. Usizidishe chumvi. Kituo cha afya kitampa na vidonge vya zinki. Avimeze kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Macho yakibonyea, mtoto akishindwa kunywa, akilegea au asipokojoa, au mtu yeyote akihara maji meupe kama ya mchele, msisubiri asubuhi. Mpelekeni kituoni usiku huo huo, na njiani mwendelee kumnywesha kidogo kidogo.