Kiangazi Kando ya Ziwa

Wako watu wadhanio kwamba mapumziko ni ndugu wa uvivu, na kwamba Mwislamu mchaji hafai kuonekana amekaa kivulini hali jua lingali juu. Dhana hii si ya dini yetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopata habari za sahaba wake Abdallah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama katika sala usiku kucha, alimkataza. Alimwagiza afunge na afungue, asali na alale, kwa kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Basi mapumziko ni deni tunalodaiwa, na mwenye kulilipa kwa nia njema hutaraji thawabu kama alipaye madeni mengine.

Deni hili ni zito zaidi katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita. Hapa watu wengi hupata riziki zao chini ya ardhi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu zama za ukoloni mpaka mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mgodi haujui usiku wala mchana. Baba huenda zamu watoto wamelala, na arudipo wamekwisha kwenda shule. Mchimbaji mdogo naye hushinda machimboni wiki nyingi, akiifuata habari ya dhahabu kutoka kilima hata kilima. Nyumba za namna hii zaweza kupitiwa na mwaka mzima, na watu wake hawajala pamoja katika sinia moja.

Kwa sababu hiyo, katika likizo ya shule kiangazi kilichopita, sisi na ahali zetu tulikodi nyumba ndogo kando ya Ziwa Viktoria. Kutoka Shinyanga tulipita Usagara, tukavuka Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, pale ambapo zamani msafiri alikaa akingoja kivuko. Tukapita Sengerema hata Geita, kisha tukashuka ziwani upande wa Nkome. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali na bati, yenye baraza na mwembe mmoja wa kivuli. Humo tulikaa siku saba. Haya tuyaandikayo si makubwa; ni mambo ya kila siku, ambayo mtu huyaona akipata nafasi ya kutazama.

ALFAJIRI

Kwa mtu asimamaye katika mwambao huu wa kusini, kibla kiko kaskazini kwa kuelekea mashariki kidogo. Kwa hiyo tulipotandika majamvi uani kwa sala ya Alfajiri, ziwa lote lilikuwa mbele yetu, baina yetu na Makka. Giza lilipopungua maji yalianza kuonekana, kwanza kama moshi, kisha kama bati jipya. Watoto ambao nyumbani huamshwa mara tatu, huku waliamka kwa mwito mmoja.

Ziwa hili, ambalo wenyeji huliita Nyanza, lina eneo lipatalo kilomita za mraba 68,800. Katika Afrika hakuna ziwa kubwa kuliko hili, na katika maziwa ya maji matamu ya dunia nzima linapitwa na moja tu kwa upana. Lakini kina chake si kirefu. Penye kina kabisa ni kiasi cha mita 80. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua inyeshayo juu yake lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao ni Jinja katika nchi ya Uganda, ambako huanza Mto Naili.

Kijana wetu mmoja alipoyasikia haya aliuliza kama maji yaliyokuwa yakigusa miguu yake ndiyo yafikayo Misri. Tukamjibu kwamba yale yasalimikayo na jua na vinamasi vya njiani hufika. Mto ule ambao mama yake Nabii Musa (a.s.) alimtia mwanawe kwa amri ya Mola wake, mkono wake mmoja watoka huku kwetu. Kijana hakusema neno tena, ila tulimwona amerudi majini kuitia miguu yake.

Katika Sura Fatir Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba bahari mbili hazilingani, kwani moja ni tamu na nyingine ni ya chumvi, na katika zote mbili wanadamu hupata kitoweo. Ndugu zetu wa Tanga na Unguja wamepewa ile ya chumvi, nasi tumepewa hii tamu. Wazee wetu wa Shinyanga waliijua thamani ya maji, maana nchi yao ni kavu, nao walikunywa maji ya malambo pamoja na ng'ombe wao. Tangu kiasi cha mwaka 2009 maji ya ziwa hili huvutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakasafishwa na kupelekwa kwa mabomba mpaka Kahama na Shinyanga. Basi mama afunguaye bomba huko Shinyanga ili apate maji ya udhu, yeye anateka ziwani, ingawa ziwa lenyewe hajapata kuliona. Nasi tuliokwenda ufukweni kupumzika, kwa kweli tulikwenda kukitazama kisima chetu.

ADHUHURI

Mchana ardhi hushika moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Baada ya sala ya Adhuhuri upepo huo wa ziwani ulipoingia barazani, tulijinyoosha kwa kile kijisingizi ambacho wanavyuoni hukiita kailula, nacho ni katika mwendo wa Mtume na masahaba zake. Baba mmoja miongoni mwetu, ambaye kazi yake ni ya zamu za usiku, alilala hata wanawe wakaja kumtazama kwa mshangao. Hawakuzoea kumwona amelala bila ya haraka ya kuamka.

Watoto walitamani kuoga ziwani kutwa, na hapa wazazi hatuna budi kuwa macho. Katika maji ya kina kifupi yenye matete na magugu huishi konokono wabebao vijidudu vya kichocho, navyo hupenya katika ngozi ya mtu, hasa jua likiwa kali. Mtu mgonjwa akijisaidia majini, mayai ya kichocho huingia ndani ya maji, yakaanguliwa na kuwaendea konokono. Wakitoka kwa konokono huwarudia watu. Hivyo ndivyo pete ya ugonjwa huu inavyozunguka, kwa choo kikubwa huku ziwani, na kwa mkojo aghalabu katika malambo ya bara. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akakataza kwenda haja mahali watu watekapo maji. Lau katazo hili lingeshikwa na kila mtu katika kila kijiji, pete hiyo ingekatika. Tunaona ajabu kwamba adabu tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, tukidhani ni usafi tu, kumbe ndani yake mna dawa.

Vijana wakaomba kupanda mtumbwi. Tukawaruhusu, kwa sharti kila mmoja avae boya, na mzee mwenye mtumbwi awe ameridhika na hali ya upepo. Watu wa ziwa hili hawajasahau tarehe 21 Mei 1996, ilipozama meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza, wala tarehe 20 Septemba 2018, kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere huko Ukara. Katika kila msiba mamia ya watu walikufa. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi boya. Mtume alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee.

ALASIRI

Jua lilipoinama tulikuwa tukitembea mpaka mwaloni. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa walioanikwa, wengine juu ya vichanja, wengine mchangani. Katika kiangazi dagaa hukauka kwa siku moja, lakini ikishuka mvua isiyotarajiwa kazi ya usiku mzima huharibika. Hatukumsikia hata mmoja wao akimlaumu Mola kwa mvua. Walitandika, wakageuza, wakafagia, na wakati wa sala waliokuwa Waislamu miongoni mwao walinawa maji ya ziwa wakasali pale pale kando ya vichanja.

Katika nchi hii neno mwalo lina maana mbili. Mwalo ni mahali mitumbwi ifikapo na samaki. Na mwalo ni mahali wachimbaji waoshapo mchanga wa dhahabu. Miwili hiyo yote hutumia maji, na maji ya mmoja huweza kuufikia mwingine. Hili ndilo lililotushughulisha zaidi katika siku zetu saba.

Mchimbaji mdogo husaga mawe, akaosha, kisha huchanganya mchanga wake na zebaki ili dhahabu ishikamane nayo. Halafu huichoma, zebaki huruka kwa mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke ule ni sumu kwa auvutaye, na wako wauchomao jikoni kwao, watoto wakiwa wameketi karibu. Zebaki imwagikayo na tope huchukuliwa na mvua hata mitoni na ziwani. Huko vijidudu vya majini huigeuza ikawa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa wawalao wadogo. Madaktari wasema kwamba ahofiwaye zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake, kwa kuwa sumu hiyo hudhuru ubongo ungali ukijengeka.

Hatusemi kwamba samaki wa Nyanza wasiliwe. Sisi wenyewe tulikula sato na dagaa kila siku na tukamshukuru aliyewaumba. Wala hatumlaumu mchimbaji anayetafuta halali ya watoto wake. Tunasema tu kwamba halali haikamiliki kwa kumdhuru jirani, na sheria yetu imeweka kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Viko vyombo vya kufunikwa vinavyonasa mvuke wa zebaki, na zebaki iliyonaswa hutumika tena. Mwenye navyo hapati hasara. Tope la mwaloni laweza kuwekewa shimo lililozuiwa, mbali na mto. Na asiyeweza lolote katika hayo, aweza angalau kutoichomea dhahabu nyumbani kwake.

Tena tuzingatie tofauti hii. Dhahabu ina mwenyewe. Ikifikia kiasi cha gramu 85 na ikapitiwa na mwaka, humpasa zaka. Ama maji, Mtume ametufundisha kwamba watu wote ni washirika ndani yake, kama walivyo washirika katika malisho na moto. Basi mwenye kuyaharibu maji ameharibu mali ambayo washirika wake hawana hesabu, na kati yao wako wasiozaliwa bado. Atamwendea nani kumwomba radhi?

USIKU

Usiku wa kwanza taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa mbali majini kama mji. Kila usiku zikapungua, kwa kuwa mwezi ulikuwa ukikua, na dagaa huvutwa na taa penye giza tu. Mwezi ulipokaribia kujaa hatukuona taa hata moja. Watoto wakauliza kama wavuvi wamehama. Tukawaeleza kwamba wamepumzika. Wengine wamekwenda kwao, wengine wanashona nyavu. Kumbe siku hizo ndizo tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, siku nyeupe ambazo Mtume alizisunia saumu. Mwangaza ule ule umpao mvuvi mapumziko humwita Mwislamu kwenye ibada. Tulifunga siku hizo, na vijana wawili wakafunga pamoja nasi kwa hiari yao. Wakati wa kufuturu, karibu saa moja ya jioni, hakuna aliyekuwa zamu wala aliyekuwa njiani. Sote tulikuwa katika sinia moja.

Siku ya Ijumaa tulisoma Sura Al-Kahf. Ndani yake mna habari za Nabii Musa na kijana wake, waliochoka safarini, wakataka chakula, na samaki wao amekwisha kuingia baharini. Mna pia habari za masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambao jahazi yao ilitobolewa ili wasinyang'anywe na mfalme dhalimu. Mara nyingi tumeisoma Sura hiyo mjini, mbele ya ukuta. Safari hii tuliisoma mbele ya maji, mitumbwi ya watu wa hali ya chini imepangwa mchangani, na maneno yaliingia pengine kuliko siku zote.

Ndugu msomaji, Mtume ametuonya kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo wengi hupunjika ndani yake. Si lazima upate nyumba ya ziwani. Kivuli cha mwembe cha Kahama chatosha, na kando ya lambo la Maswa yatosha, ikiwa jamaa wamekaa pamoja, sala zimeshikwa kwa wakati, na macho yametazama aliyoyaumba Mola. Lakini atazamaye neema akarudi kama alivyokwenda hajaishukuru. Nchi yetu imesifika kwa kilichofichwa ardhini. Sisi, baada ya siku saba, twaona kwamba hazina yake kubwa iko wazi juu ya ardhi, na kila mtu aingiapo nyumbani kwake akafungua bomba ameishika mkononi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua neema zake zingali mikononi mwetu, na atuwezeshe kuwaachia watoto wetu maji safi kama tulivyoyakuta. Amin.