Ngozi ya Gari (Sehemu ya Tatu): Mpira Unaopulizwa na Kubanduliwa

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi kiwanda kinavyolivisha gari rangi: bodi huzamishwa katika birika la praima lililopitishwa umeme, huokwa, hupuliziwa rangi yenyewe, kisha hufunikwa kwa vanishi ngumu inayong'aa. Tabaka zote hizo kwa pamoja hazifiki hata robo ya milimita, lakini zimeng'ang'ania chuma kiasi kwamba kuzitoa kunataka msasa au kemikali kali. Leo tunaangalia kitu kilichobuniwa kwa nia iliyo kinyume kabisa. Ni utando wa mpira unaopulizwa juu ya rangi hiyo hiyo, ukakaa hapo kwa miezi au miaka, na siku mwenye gari anapouchoka akaushika ukingoni kwa kucha na kuuvuta mpaka utoke, rangi ya kiwandani ikabaki chini yake kama ilivyokuwa.

Jina linalojulikana zaidi katika bidhaa hizi ni Plasti Dip, mali ya kampuni ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliyoanza mwaka 1972. Mwanzoni haikuwa na uhusiano wowote na urembo wa magari. Iliuzwa kwenye makopo kwa ajili ya kuvisha mishikio ya koleo, bisibisi na zana nyingine za fundi. Unaichovya zana polepole, kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa kila sekunde tano, unaitoa kwa mwendo huo huo na kuitundika. Ikikauka una mshikio usioteleza mkononi. Baadaye ikaja ya kopo la kupuliza, wapenzi wa magari wakaijaribu kwenye rimu, kisha kwenye nembo, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2010 walikuwa wakipuliza gari zima kwa kompresa.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kampuni hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, jeshi la majini la Marekani lilibaki na mamia ya meli zisizo na kazi, ambazo huenda zingehitajika tena. Mizinga na mitambo ya juu ya sitaha ilipuliziwa plastiki iliyokauka na kuwa gamba, na ndani ya gamba hilo hewa ikafanywa iwe kavu ili chuma kisiliwe na chumvi. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, baadhi ya meli hizo zilivuliwa magamba na kurudi baharini. Siku hizi hata wanaotunza vioo vya darubini kubwa wanayo dawa ya namna hii: wanaipaka juu ya kioo, inakauka, kisha wanaibandua pamoja na vumbi ambalo kitambaa kingelifuta kwa kukwaruza. Tangu zamani, basi, kazi ya utando unaobanduka ilikuwa kulinda kitu chenye thamani kilichoko chini. Mabadiliko ya rangi ni faida ya ziada, na anayelisahau hilo ndiye anayeharibikiwa.

Sasa tuingie kwenye kiini. Inakuwaje kitu kistahimili mvua na upepo wa gari linalokimbia kilomita 100 kwa saa, kisha kikubali kutoka kwa vidole vitupu?

Rangi ya kisasa ya kupuliza gereji huchanganywa na kigumishi. Vikikutana, molekuli zake hufungana kikemikali na kuwa wavu mmoja ambao hauyeyuki tena. Mpira wa kupuliza haufanyi hivyo. Ndani ya kopo umeyeyushwa tu katika viyeyusho vyepesi vya jamii ya petroli. Ukipulizwa, viyeyusho vinaruka hewani na mpira unabaki. Hakuna fundo lolote linalofungwa kati yake na vanishi ya gari. Unaishika vanishi kwa mvuto dhaifu tu wa vitu viwili vilivyogusana kwa karibu sana, ila mvuto huo umetandaa kila mahali. Upepo na mvua husukuma eneo lote kwa pamoja, na nguvu yao ikigawanywa kwa eneo hilo haitoshi kuung'oa. Ukinyanyua ukingo na kuvuta, hali inabadilika: nguvu yako yote inaangukia mstari mmoja mwembamba, pale mpira unapoachana na rangi, na mstari huo unashindwa, kisha unaofuata, kisha unaofuata. Ndiyo maana kingo ni jambo la kufa na kupona. Utando mzima katikati lakini uliochanika ukingoni umekwisha kuanza kubanduka.

Hapo hapo ndipo inapojitokeza siri ya unene, na ningeomba kila fundi ailewe kabla hajafungua kopo. Nguvu inayohitajika kuuachanisha mpira na rangi haibadiliki sana utando ukiwa mwembamba au mnene. Kinachobadilika ni uwezo wa mpira wenyewe kuvumilia kuvutwa bila kukatika. Ni kama utando wa maziwa yaliyochemka: ukiwa mwembamba unakatikia kwenye kijiko, ukiwa mnene unaunyanyua mzima mzima. Kwa hiyo mwenye kubana matumizi akapuliza mikono miwili na kuridhika kwamba rangi imeenea, amejinunulia mateso. Siku ya kuutoa, mpira utakuja vipande vipande vya ukubwa wa kucha, na atashinda kutwa nzima akisugua kwa kiyeyusho. Watengenezaji wanasisitiza mikono minne au mitano kwa uchache, na kwa gari zima mafundi wazoefu huongeza. Rangi ya kawaida humwadhibu anayepaka nene kupita kiasi. Hii humwadhibu anayepaka nyembamba.

Aliyekwisha kukosea ana njia ya kurudi. Kwa kuwa mpira huu haukufungana kikemikali, viyeyusho vya mkono mpya hulainisha mkono wa zamani na vyote viwili huwa kitu kimoja. Utando mwembamba unaokatika-katika huoshwa, huongezewa mikono mitatu au minne juu, huachwa ukauke kabisa, kisha hubanduliwa wote kwa pamoja. Hata mchubuko mdogo hurekebishwa kwa kupuliza juu yake, jambo ambalo fundi wa rangi ya kawaida haliwezi bila msasa.

Tabia hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake mkubwa. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa na salfa hupata uimara usioyeyuka kwa joto, na matairi yetu yote ni matunda ya ugunduzi huo. Mpira wa kupuliza haukupikwa kwa namna hiyo, hivyo petroli inauyeyusha. Matone yanayodondoka kwenye mdomo wa tangi siku ya kujaza mafuta yatauacha ukinata na kukunjamana. Kwetu Afrika Mashariki kuna hatari nyingine: wapo waosha magari wanaopitisha mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae. Gari lililovishwa mpira halifai kuwafikia hao, wala mashine za kuosha zenye brashi. Sabuni laini, maji na sponji vinatosha, na bomba la presha likitumika lisielekezwe kwenye kingo.

Kazi ya kupuliza si ngumu, ila inataka subira. Gari lioshwe mpaka nta na mafuta yote yatoke, lianikwe likauke. Mkono wa kwanza uwe mwepesi sana, rangi ya chini ionekane kwa nusu au zaidi. Kazi yake ni kuipa mikono inayofuata mahali pa kushika, na hamu ya kufunika kila kitu mara moja inapaswa kuzuiwa hapa. Inayofuata iwe na unyevu wa kutosha kulainika, kila mmoja ukisubiriwa dakika 10 hadi 30 kufuatana na hali ya hewa. Mkono uliolowana mno hufungia viyeyusho ndani na kutoa mapovu. Kinyume chake, anayepuliza katika jua la saa sita mchana atakuta mpira unakauka kabla haujalifikia gari, na uso unakuwa wa chengachenga. Kivuli cha asubuhi ndicho bora, hasa Pwani. Tepu ya karatasi itolewe wakati mkono wa mwisho ungali mbichi. Ukichelewa, itang'oka na utando. Kwenye rimu, mafundi huchomeka karata za kuchezea pembezoni, kati ya rimu na tairi, wakapuliza bila hofu. Ukungu unaoangukia sehemu zisizokusudiwa hukauka na kuwa unga wa kupangusa, nafuu kubwa kwa mtu asiye na chumba cha kupulizia.

Kuhusu afya nitasema kwa urefu, maana naona watu wanalipuuza. Kwa kuwa rangi hii inabanduka, wengi wanaidhania ni kitu chepesi, cha kuchezea uani watoto wakitazama. Ukisoma yaliyoandikwa kwenye makopo ya aina hii utakuta nafta, tolueni, heksani na ndugu zao. Tolueni hulevya na kudhuru ubongo kwa anayeivuta mara kwa mara. Heksani hushambulia mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, na somo lake lilijulikana kwa gharama kubwa: miaka ya 1960 nchini Japani, watu waliokuwa wakitengeneza kandambili za vinili majumbani, katika vyumba vilivyofungwa, walianza kufa ganzi na kuishiwa nguvu za miguu kwa sababu ya gundi yenye heksani. Anayepuliza rimu zake mara moja kwa mwaka mahali pa wazi hayuko katika hatari ya namna hiyo. Fundi anayepuliza magari kila siku ndani ya banda la mabati yumo. Kitambaa puani au barakoa ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Inahitajika barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu, vinavyobadilishwa kwa wakati wake. Mvuke huo pia ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni ukatafuta jiko la mama ntilie au cheche za mtu anayechomelea jirani. Mwenye gereji anayemnyima kijana wake barakoa kwa kuokoa fedha anamfanyia dhuluma, na sina neno la upole zaidi.

Kuna magari ambayo mimi singeyavisha mpira huu. La kwanza ni lililokwisha kupakwa upya na fundi ambaye humjui. Magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandarini yamefanyiwa ukarabati wa bampa au mlango kabla ya kuuzwa, na rangi ya juu ikiwa haikushika vizuri, siku ya kubandua itatoka pamoja na mpira. Rangi mpya ya gereji nayo iachwe wiki kadhaa ikomae kwanza. La pili ni lenye vanishi iliyoanza kubabuka kwa jua: utando utafuata kila kovu, na ukiutoa utaongeza makovu. La tatu ni lenye kutu. Mpira hauna dawa ya kuzuia kutu iliyokwisha kuanza; utaificha machoni pako huku ikiendelea kula chuma. Mabonde na mikwaruzo mirefu itaonekana vile vile, kwa kuwa hakuna puti chini yake.

Umri wake unategemea jua. Watengenezaji huzungumzia miaka mitatu hivi, lakini mnururisho wa jua hukata minyororo ya molekuli na kuufanya mpira uwe mkavu na mwepesi kukatika, na jua la ikweta halina msimu wa kupumzika. Gari linalolala nje Dodoma au Mombasa lichunguzwe mapema kuliko la Minnesota, na utando ubanduliwe ungali unanyumbuka. Joto la kawaida la boneti unalivumilia, kwani umetengenezwa kustahimili hadi nyuzi joto 93 hivi, ila si wa kupakwa kwenye ekzosi wala kaliba za breki.

Limebaki la sheria. Nchini Uingereza anayebadilisha rangi ya gari lake anatakiwa kuwaarifu wasajili wa magari. Kwetu pia, Kenya na Tanzania, rangi ni mojawapo ya mambo yaliyoandikwa kwenye hati ya usajili. Rimu nyeusi na nembo nyeusi hazimtii mtu wasiwasi. Gari zima likitoka jeupe kuwa kijani, askari wa barabarani akilinganisha hati na gari ana haki ya kuuliza, na jibu kwamba rangi hiyo ni ya muda halitaondoa tofauti iliyoko kwenye karatasi. Swali hilo lipelekwe ofisi ya usajili kabla ya kompresa kuwashwa. Juma lijalo tutaingia kwenye vinili, ambayo huvishwa gari ikiwa karatasi kamili badala ya kupulizwa, na ambayo gundi yake ina tabia tofauti kabisa na mpira huu.