Mifupa Inayokua na Maji ya Mlima Meru

Watu wengi hudhani kwamba mfupa mrefu, kama ule wa paja au wa muundi, hurefuka kwa kutanuka kote kote. Sivyo. Hurefuka karibu na ncha zake tu, penye bamba jembamba la gegedu. Chembe za gegedu hujigawa na kujipanga safu safu. Zile zilizoelekea katikati ya mfupa huvimba, huzungukwa na chokaa, kisha hufa, na mfupa hujengwa mahali pake. Baina ya miaka 14 na 19 hivi, wasichana mapema kuliko wavulana, mabamba ya miguuni huziba na kimo hukoma.

Sehemu hizi za ukuaji ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mkandamizo, kama kichwa cha mfupa wa paja na ncha zilizokutana gotini. Hii hubeba uzito wa mwili, nayo ndiyo irefushayo mfupa. Ya pili ni ya mvuto, mahali kano za misuli zinaposhika, kama ile nundu iliyo mbele, chini ya goti. Hii huupa mfupa umbo, wala haiongezi urefu.

Wakazi wa Arusha wana sababu ya kuyajua haya. Miamba ya volkano ya Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, ina floraidi, nayo huyeyuka katika chemchemi na mito, kama huko Maji ya Chai. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya maji ya huku hukipita kikomo hicho mara kadhaa. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia rangi ya kahawia, tena huingia katika mfupa unaojengwa na kuvuruga ushikaji wa chokaa. Hapo mifupa ya mtoto hulemewa na uzito, miguu ikawa matege au magoti yakagongana. Apungukiwaye kalisi huathirika zaidi. Na bamba likisha kuziba, mguu haujinyoshi tena wenyewe.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huikoleza, kwa kuwa maji hupungua. Magadi ya kupikia maharage nayo huweza kuwa nayo nyingi. Yafaa kukinga maji ya mvua, au kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto. Mkaa huo huinasa floraidi kwa sababu ile ile inayoifanya mifupa ya watoto wetu iinase: madini ya mfupa huivuta.