National Wake: Fani na Maudhui ya Bendi Iliyovunjika

Katika semina zetu tumezoea kuikabili kila kazi kwa swali lile lile: fani ni ipi na maudhui ni yapi? Swali si baya. Ila zipo kazi ambazo ukiyatafuta hayo katika maneno yake tu, basi umezikosa. Mfano wangu ni National Wake, bendi ya Johannesburg.

Iliundwa mwaka 1979, miaka mitatu baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi. Ivan Kadey, Mzungu, alipiga gitaa. Ndugu wawili Waafrika, Gary na Punka Khoza, walipiga besi na dramu. Walichukua panki (sisemi mtindo wa nywele, jamani) wakaichanganya na rege na fanki.

Jina lao lenyewe lina maana mbili: kuamka, na kukesha msibani. Kiswahili kina neno linalokaribia kuzibeba zote mbili, nalo ni kesha. Taifa liko matangani, lakini anayekesha hajalala.

Mhakiki wa kawaida atakimbilia mashairi ya nyimbo. Mimi nasema aanze na nyumba. Wanabendi hawa waliishi pamoja Parktown, mtaa wa Wazungu, wakati sheria ya mwaka 1950 iligawa makazi kwa rangi. Kwa hiyo, kabla hata hawajafungua kinywa kuimba, kulala chini ya paa moja kulikuwa kosa tayari.

Albamu yao ilitoka mwaka 1981. Ziliuzwa nakala zipatazo 700 tu, kisha ikaondolewa sokoni kwa shinikizo la serikali. Polisi nao hawakuacha kuwaandama. Mwaka 1982 bendi ikavunjika.

Wapo watakaosema: basi, walishindwa. Sikubali. Wimbo ukipigwa marufuku unaweza kujificha kichwani mwa msikilizaji, ukangoja. Watu wanaoishi pamoja hawana pa kujificha, na binadamu huchoka. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991, na mwaka 2013 nyimbo zao zikatolewa upya. Leo sauti tunaipata. Ile nyumba hatuipati.

Ndiyo maana nawauliza wenzangu na walimu wetu: nyumba ile tuiweke wapi, kwenye maudhui au kwenye fani? Wengi watasema ni mazingira tu ya msanii. Mimi naiweka kwenye fani, tena mwanzoni kabisa, kwa sababu ilipobomoka hiyo, wimbo ulikatika.