Mchezo wa utotoni ukigoma kufunguka, kagua pamoja na mwanao

Umemwahidi mwanao kumwonyesha Prince of Persia, mchezo wa mwaka 1989 ulioucheza ukiwa na umri wake. Unabofya, kompyuta inakataa. Mtoto anakutazama.

Huenda mchezo si mbovu. Toleo lake hili lilitengenezwa kwa ajili ya DOS, na Windows za sasa za biti 64 haziendeshi programu za biti 16. Pakua DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta za enzi zile. Mchezo ukigoma humo pia, kagua haya:

Folda: DOSBox haioni mafaili yako mpaka uyaonyeshe. Weka mchezo kwenye folda C:\MICHEZO, kisha andika mount c c:\michezo na ubonyeze Enter. Andika c: na ubonyeze tena.

Faili: Andika dir. Tafuta faili la EXE, COM au BAT, kisha andika jina lake. La Prince of Persia ni PRINCE.

Sauti: Mchezo ukiwa bubu, fungua SETUP ikiwepo, uchague Sound Blaster: 220, IRQ 7, DMA 1.

Kasi: Ukijikokota, bonyeza Ctrl na F12, ukikimbia mno, Ctrl na F11.

Tovuti ikikutaka uzime kinga ya virusi ili mchezo ufunguke, achana nayo. Humo ndimo zilimo picha za familia.

Mwache mtoto aandike amri, wewe umsomee. Hata kabla mchezo haujafunguka, atakuwa amejifunza kutafuta kosa bila kupiga kompyuta makofi.