Dharura Haipigi Hodi

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka likiwa limekwisha kufika mlangoni: dharura. Kwetu Nyakakika dharura ni kijana aliyeanguka na pikipiki mteremkoni, ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ni mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto. Mara nyingine ni watu wengi kwa pamoja. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wetu wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, na mamia walijeruhiwa katika alasiri moja.

Je, hospitali zikipokea majeruhi wengi namna hiyo, zinakuwa zimejiandaa? Wapo madaktari Watanzania waliolifanya swali hili kuwa kazi yao. Mmoja wao ni Dakta Hendry Sawe, bingwa wa tiba ya dharura. Bingwa wa namna hii hasomei kiungo kimoja cha mwili. Husomea zile saa za kwanza ambazo mgonjwa yuko kati ya kufa na kupona.

Utaalamu huu bado ni mchanga nchini. Idara ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010, na mafunzo ya mabingwa yakaanza mwaka huohuo. Dakta Sawe alikuwa katika kundi la kwanza lililohitimu, mwaka 2013.

Daktari humtibu yule aliyefika mbele yake. Lakini yule anayefia njiani, au anayefika mahali pasipo na vifaa, huhitaji maamuzi ya wenye mamlaka, na maamuzi mazuri huhitaji hesabu za kweli. Hivyo Dakta Sawe na wenzake wakaingia katika utafiti. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya uchunguzi wa siku moja kuhusu majeruhi wanaofika katika hospitali za umma za wilaya na mikoa. Mwaka 2018 Dakta Philip Koka, akiwa pamoja na Dakta Sawe na wengine, alitoa utafiti wa hospitali zote 25 za mikoa ya Tanzania Bara kuhusu maandalizi ya maafa. Ilionekana kwamba maafa huzifikia mara kwa mara, lakini maandalizi hayatoshi. Mwaka 2020 ikatangazwa fomu moja ya kuandika habari za majeruhi, ili hospitali mbalimbali ziandike mambo yaleyale na taifa lijue watu wanaumizwa na nini.

Ndugu msomaji, mambo haya yanakuhusu hata wewe uliye nyumbani. Kwanza, katika dharura wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao, si kwa zamu ya kufika. Sisi wauguzi husikia mara nyingi, "Mbona sisi tulitangulia?" Anayeshindwa kupumua hawezi kumsubiri aliyevunjika kidole. Tunaomba mtuvumilie, maana kesho anayetangulizwa anaweza kuwa mwanao.

Pili, ile fomu huanzia kwenu. Anayemleta majeruhi ajue ameumia saa ngapi, kwa namna gani, na kama anatumia dawa yoyote.

Tatu, msaada wa kwanza hutoka kwa jirani. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliowahi. Watu 24 waliokolewa. Kwa hiyo tujifunze haya:

1. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kinga mikono yako kwa glovu au kitu kisichopitisha maji. Usitie udongo wala mavi ya ng'ombe.

2. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

3. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa na shingo vikishikwa vinyooke. Asipewe chakula wala kinywaji.

4. Aliyeumia shingo au mgongo asipakiwe kwenye pikipiki. Abebwe amelala juu ya ubao au machela.

5. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, pigeni namba 115 bila malipo. Ni mpango wa m-mama wa kuwasafirisha, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022.

Wazee wetu walimbeba mgonjwa kwa machela, wakipokezana vilimani. Hawakuanza kutafutana usiku mgonjwa akiwa amezidiwa, kwani kila mmoja alijua zamu yake. Huko ndiko kujiandaa wanakokuzungumzia mabingwa wa leo. Basi katika kikao kijacho cha jumuiya yenu ulizaneni: nani ana gari? Nani ana machela? Nani atabaki na watoto? Fedha ya safari iko wapi? Andikeni majibu pamoja na namba za simu, na kila nyumba ibandike nakala ukutani.