Udongo Unaokula Saruji



Kisima cha kijiji hujengwa kwa jasho la wengi. Huyu anachimba, yule anasomba mchanga, kila kaya inatoa mchango. Mwaka 1982 ulitolewa mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya kwa msaada wa Denmark. Tangu hapo vijiji vingi vimejenga visima na matangi.

Lakini tumeona visima ambavyo rojo la saruji lililozibwa kati ya pete na pete limemomonyoka. Ukilikwaruza kwa ukucha, linatoka kama unga. Maji machafu ya juu yanaingia, na watoto wanaharisha. Watu wanasema, "Fundi katuibia saruji!" Pengine ni kweli. Lakini pengine mwizi ni udongo wenyewe.

UDONGO UNAKULAJE SARUJI?

Saruji ikichanganywa na maji hushikamana, ikawa ngumu kama jiwe. Ila ndani yake hubaki chokaa. Chokaa hiyo ndiyo mlango wa adui. Maadui ni wawili.

Wa kwanza ni asidi, yaani ukali kama wa ndimu. Mvua nyingi huosha chokaa iliyomo udongoni. Ndiyo maana udongo wa Tukuyu na Mufindi una asidi, na chai huupenda. Maji ya udongo huo huyeyusha chokaa ya saruji polepole, yakaacha matundu.

Wa pili ni chumvi iitwayo salfeti. Ikiingia ndani ya saruji huungana nayo, ikavimba. Basi saruji inapasuka yenyewe kutoka ndani. Ukiona ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, ujue hapo pana chumvi. Usijenge kabla ya kuuliza.

DAWA IKO KARIBU

Miaka 2000 iliyopita Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, Italia. Walijenga bandari, na baadhi ya kuta zake zingali zimesimama ndani ya maji ya chumvi. Majivu hayo huitwa pozolana.

Je, sisi hatuna? Tunayo. Rungwe na Ngozi ni volkano. Zilimwaga majivu na yale mawe mepesi yanayoelea majini.

Pozolana ikisagwa laini na kuchanganywa na saruji, huikamata ile chokaa iliyobaki na kuigeuza gundi nyingine. Matundu yanapungua, adui anakosa mlango. Tena saruji ya kawaida hutokana na mawe yaliyochomwa kwa moto wa nyuzi 1450 hivi. Pozolana ilishachomwa na mlima. Kwa hiyo makaa na moshi hupungua.

Lakini tusidanganyane. Saruji hii hukawia kukomaa. Na asidi ikiwa kali sana, hakuna saruji itakayoishinda.

TUFANYE NINI?

1. Tusome mfuko kabla ya kununua. Saruji ya pozolana huandikwa CEM IV, au CEM II yenye herufi P. Hapo ndipo kisomo chetu kinalipa.

2. Tusizidishe maji. Mfuko wa kilo 50 hautaki zaidi ya lita 25, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake. Rojo jepesi hujaa matundu.

3. Tufunike kazi kwa magunia na kuyalowesha kila siku kwa siku 14.

4. Tusichote majivu mlimani na kuchanganya wenyewe. Lazima yasagwe na kupimwa.

5. Kabla ya kuchimba, tuwaombe RUWASA wilayani watushauri namna ya kupima udongo na maji.

MASWALI YA KIKUNDI

Je, kisima chenu kina nyufa? Nani alisoma mfuko siku ya ujenzi? Jadilianeni, kisha mkakitazame kisima pamoja.

Elimu haina mwisho.